Mtoto, Mahali na Ramani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi na Walimu wa Awali

Maswali haya nimeyakusanya kwa wazazi ninaosalimiana nao getini asubuhi, na kwa walimu wenzangu wa awali, darasa la kwanza na la pili. Nafundisha Tanga, ndiyo maana mifano mingi ni ya huku. Ukiwa Kigoma au Muscat badilisha majina, kazi ni ile ile. Utaona nimerudia jambo moja katika majibu mengi: mtoto atembee kwanza, kisha aseme alikopita, karatasi ije baadaye.

Mwanangu ana miaka mitatu tu. Si mapema mno kumwingiza kwenye mambo ya ramani?

Kama unafikiria ile karatasi kubwa ya Tanzania yenye mikoa ya rangi rangi, ni mapema. Lakini kujua kitu kiko wapi na namna ya kukifikia, hilo ameshalianza bila wewe. Anajua kopo la sukari linakaa rafu gani. Anajua njia ya kwa bibi yake, na bajaji ikipita njia nyingine anauliza mnakwenda wapi.

Mwaka 1987 mtafiti mmoja wa Marekani, Judy DeLoache, alichapisha jaribio ambalo nalipenda kwa sababu unaweza kulirudia sebuleni kwako. Mtoto anaonyeshwa chumba kidogo cha mfano, kama kijumba cha mwanasesere, na mwanasesere mdogo anafichwa humo mbele ya macho yake. Kisha anaambiwa kuna mwanasesere mkubwa amejificha mahali kama pale pale katika chumba halisi, akamtafute. Watoto wa miezi 38 hivi wengi walikwenda moja kwa moja. Wa miezi 31 wengi walitangatanga, ingawa walipoulizwa yule mdogo yuko wapi walikumbuka vizuri. Wastani wa tofauti ni miezi saba tu! Wadogo hawakukosa kumbukumbu. Walikuwa bado hawajaona kwamba kitu kidogo kinaweza kusimama badala ya kikubwa, na huo ndio mzizi wa ramani yoyote.

Kwa hiyo miaka mitatu na minne mimi naipa maneno na michezo ya kuficha. Mitano naipa kutazama vitu kutoka juu na kuchora. Pande nne za dunia na ufunguo wa ramani vinangoja miaka sita au saba. Huo ni mwongozo tu. Yupo wa miaka mitano atakayekushangaza, na yupo wa saba atakayehitaji mwaka mwingine.

Nianze na maneno gani?

Anza kwa kujisikiliza mwenyewe. Sisi watu wazima tunaelekeza kwa kidevu: "Nipe kile pale," huku midomo imeelekea kabatini. Mtoto anafuata kidevu, anakileta, na hakuna neno hata moja la mahali alilolisikia. Wiki ya kwanza sema kamili: "Nipe kile kikombe kilicho juu ya kabati, kando ya chupa ya chai." Utachoka siku mbili, kisha utazoea.

Halafu tumia utajiri ambao Kiswahili kimekupa bure. Lugha yetu inapima umbali kwa hatua tatu: hapa nilipo mimi, hapo ulipo wewe, pale mbali na sote wawili. Na inatofautisha mahali kwa njia tatu: kikombe kipo mezani, pale penyewe tunapopaona, kiko jikoni, upande ule, sehemu gani hasa hatujasema, kimo kabatini, ndani kabisa. Mtoto anayetumia po, ko na mo sawasawa amekwisha kupanga dunia yake katika nukta, eneo na ndani. Hayo ndiyo anayokuja kuyakuta kwenye ramani akiwa darasa la nne.

Mchezo wake ni rahisi. Ficha kijiko. Mtoto aulize, wewe ujibu ukweli: "Kiko huku uani." Akisogea: "Kimo humu, ndani ya kitu." Akikaribia: "Kipo hapo hapo!" Kesho yeye afiche na wewe utafute. Hapo ndipo utamjua, maana kuuliza ni rahisi kuliko kuelekeza. Watoto wanaocheza kombolela wana mwalimu mzuri tayari, ila mara nyingi hakuna mtu mzima anayewataka waseme kwa maneno mahali walipojificha. Mwisho wa mchezo waulize.

Usisahau kiambishi cha -ni. Majina ya mahali petu yamejaa maelezo: Mbuyuni, Mtoni, Bondeni, Kisimani, Mwembeni. Mkipita kituo cha daladala chenye jina kama hilo, muulize mtoto, "Unadhani hapa palikuwa na nini?" Mara nyingine mbuyu bado upo, na furaha yake ukiuonyesha si ya kawaida.

Maneno "mbele ya" na "nyuma ya" yana mtego. Mbele ya nyumba ni upande wa mlango, hilo halina ubishi. Lakini mbele ya mti ni wapi? Mti hauna uso. Watu wawili waliosimama pande mbili za mwembe mmoja watakupa majibu mawili, na wote wako sahihi. Wakibishana waache kwanza, kisha wabadilishane nafasi. Ndiyo mara yao ya kwanza kuona kwamba mahali hutegemea aliposimama anayesema.

Anachanganya kushoto na kulia kila siku. Nina wasiwasi.

Usiwe na wasiwasi kabla ya miaka saba. Hata watu wazima wapo wanaotikisa kidole kidogo kabla ya kujibu.

Mkono wa kulia unajieleza: ndio wa kulia chakula. Kwa mtoto anayetumia mkono wa kushoto maelezo haya yanaharibu mambo, kwa hiyo usimpe. Mfunge uzi mwekundu mkono mmoja kwa wiki mbili tatu, na uzi uwe upande ule ule kila siku. Na tafadhali usimlazimishe kubadili mkono kwa sababu ya somo la ramani.

Kosa ninaloliona sana kwa walimu ni kusimama wakiwatazama watoto na kusema "inueni mkono wa kulia" huku wao wanainua wao. Watoto wanaiga kama kioo, wanainua wa kushoto, kisha wanaambiwa wamekosea. Wape mgongo. Simama ukitazama kule wanakotazama wao, ndipo uinue. Kumtazama mtu uso kwa uso na kujua kwamba kulia kwake ni kushoto kwangu ni hatua nyingine kabisa, tena ngumu. Ije baadaye.

Ramani ya kwanza iwe ya nini?

Iwe ya kitu anachoweza kukiona chote kwa jicho moja. Mimi naanza na meza, hata si chumba.

Weka mezani kikombe, sahani, kijiko na boksi la kiberiti. Mtoto asimame juu ya kiti, umshike, atazame chini. Muulize anaona umbo gani. Kikombe ambacho akikaa kina mkono na tumbo, kutoka juu kimekuwa duara lenye sikio. Sahani ni duara kubwa, kiberiti ni mstatili mdogo. Kisha tandika karatasi, au gazeti la zamani, weka vitu juu yake, na azungushie kalamu kila kimoja. Ondoa vitu. Kilichobaki kwenye karatasi ni ramani ya meza, ameichora mwenyewe na ina ukubwa halisi. Mwambie avirudishe kila kimoja mahali pake. Mwambie atoke nje, sogeza kikombe, aite ni kipi kimehama. Mchezo huu naweza kuucheza na darasa wiki nzima bila kuchosha.

Baada ya meza, chumba cha kulala. Chukua kifuniko cha boksi la viatu kiwe chumba. Boksi la kiberiti ni kitanda, kisoda ni ndoo, kipande cha kanga ni mkeka. Mtoto avipange kama chumbani kwenu kweli. Akimaliza, muulize mlango uko wapi. Wengi wameusahau, na wakiuweka wanagundua kitanda kimeziba njia. Waache wapange upya wenyewe.

Baada ya chumba, ua au uwanja wa shule. Baada ya uwanja, njia ya kuja shuleni. Hapo sasa mtoto hawezi tena kuona kila kitu kwa pamoja, lazima akumbuke. Ukimrukisha hatua hii ukampa mkoa, anakariri rangi tu.

Namwambia achore nyumba kutoka juu, anachora mlango, madirisha na jua lenye miale. Nifanyeje?

Usifute. Anachora anachokijua kuhusu nyumba, na nyumba isiyo na mlango kwake si nyumba. Ramani za watoto wadogo karibu zote zina mchanganyiko huo: barabara imetazamwa kutoka juu, nyumba zimetazamwa kwa mbele, miti imelala ubavu. Ramani nyingi za zamani zilizochorwa na watu wazima pia zina milima na majumba ya kutazamwa kwa mbele, na wasafiri walizitumia.

Msaidie kwa kumpandisha. Kama shule ina ghorofa, mpeleke juu atazame paa la jengo la chini. Kama haina, mwambie awe kunguru. Kunguru akipita juu ya nyumba yenu anaona nini? Bati. Anaona mlango? Haoni. Swali hilo la kunguru linafanya kazi kuliko maelezo yangu yote.

Pande nne za dunia nizifundisheje bila dira?

Dira ni nzuri ukiwa nayo, lakini kila shule ya Tanzania ina mlingoti wa bendera, na mlingoti wenye kivuli unatosha.

Asubuhi mkiwa paredi, watoto wakanyage kivuli chake kutoka mwanzo hadi ncha. Kinaelekea upande wa magharibi. Mchana mkitoka kwenda nyumbani, wakakikanyage tena, kimegeukia mashariki. Fanyeni hivyo wiki nzima bila kutaja neno "mhimili" wala "mzunguko". Ukitaka uhakika zaidi, simika kijiti cha urefu wa mita moja mahali tambarare. Saa nne asubuhi weka kokoto kwenye ncha ya kivuli, saa nane mchana weka nyingine. Mstari unaounganisha kokoto mbili unakwenda magharibi hadi mashariki: ya kwanza ndiyo magharibi, ya pili mashariki. Mtoto akisimama mguu wa kushoto kwenye kokoto ya kwanza na wa kulia kwenye ya pili, anatazama kaskazini. Nimewaona walimu wenzangu wakilifanya hili kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka arobaini, na wakarudia kesho yake.

Usiwaambie watoto kwamba saa sita mchana kivuli huelekea upande fulani daima. Vitabu vingi vilivyoandikwa nchi za kaskazini husema hivyo, na kwao ni kweli. Sisi tuko karibu na ikweta. Tanga, mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini na kivuli kinaangukia kusini. Desemba ni kinyume chake. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita karibu utosini kabisa na mtoto anakikanyaga kivuli chake chote kwa nyayo mbili. Hizo ni siku za kuwatoa nje darasa zima!

Maneno yenyewe ya pande nne yana hadithi zinazoshika kuliko kukariri. Kaskazini ni kunakotoka kaskazi, upepo wa kati ya Desemba na Machi hivi, uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni. Kusini ni kunakotoka kusi, unaovuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba na kuyarudisha. Funga utepe wa kitambaa kwenye ufito nje ya darasa, watoto waangalie Januari na waangalie Julai. Kaskazi hauji kaskazini kamili, unaegemea mashariki, lakini mtoto wa miaka saba ameshapata anachohitaji. Magharibi ni jina la sala ya jua linapotua, kwa hiyo mtoto wa nyumba ya Kiislamu analijua neno kabla hujamfundisha. Na kwetu pwani kuna jambo jingine zuri: Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Msikiti wowote wa pwani hii, upande wa mihrabu, yaani wa kibla, unaoelekea Makka, ni kaskazini. Mtoto akipotea uelekeo, msikiti unamwambia.

Hapa pwani si inatosha kusema mashariki ni upande wa bahari?

Nilifundisha hivyo miaka yangu ya mwanzo, nikakosea. Mji wa Tanga umekaa upande wa kusini wa ghuba. Ukisimama mjini ukatazama bandari na kisiwa cha Toten, unatazama kaskazini, na maji yako mbele yako. Mtoto mmoja alinionyesha bandari akaniambia, "Mwalimu, mashariki ile pale," na alikuwa anafuata nilichomfundisha.

Alama kubwa za nchi ni msaada mkubwa, ila kila mji una za kwake. Bukoba jua linachomoza ziwani. Kigoma linazama ziwani. Mtoto wa Moshi anauona Mlima Kilimanjaro kaskazini kwake, na mtoto wa Loitokitok, upande wa Kenya, anauona mlima huo huo kusini kwake. Mfano huu wa mwisho nautumia darasa la pili kila mwaka. Watoto wawili wanasimama pande mbili za kiti, kiti ndio mlima, kila mmoja anaonyesha kwa mkono uliko. Mikono inaelekeana. Mlima haujasogea. Kisha tunasimamisha wa tatu, awe wa Arusha, na wanatafuta wenyewe mlima uko upande gani kwake.

Kwa watoto wa Tanga nina majina manne: kaskazini njia ya Horohoro, kusini Pangani, mashariki ng'ambo ya maji ni Pemba, magharibi Muheza. Kila ukuta wa darasa una jina lake limebandikwa. Kila mwalimu anaweza kutafuta majina manne ya kwake, na yawe ya mahali ambako watoto wana shangazi au mjomba, siyo miji ya kwenye redio tu.

Kwenye ramani kaskazini lazima iwe juu?

Hapana, ni mazoea tu. Al-Idrisi, aliyechora ramani mashuhuri ya dunia kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili wa Sicily na kuimaliza mwaka 1154, aliweka kusini juu. Ukiitazama leo unaona Afrika imepanda na Ulaya imeshuka, na hakuna kosa lolote.

Nalisema hili kwa sababu watoto wengi wanakua wakidhani kaskazini ni "juu", kuelekea mawinguni, na mito yote inateremka kwenda kusini. Ramani za mwanzo zitandikwe sakafuni, zisitundikwe ukutani. Karatasi ilale chini, izungushwe mpaka mlango wa kwenye ramani uelekee mlango halisi. Baadaye, wakishazoea, ndipo muipandishe ukutani kaskazini ikiwa juu.

Ufunguo na alama nizielezeje?

Waache wabuni zao. Wakubaliane: bomba la maji tuliwekee alama gani? Darasa langu moja lilichagua tone la buluu, jingine likachagua ndoo. Choo kilizua mjadala mrefu. Wakishakubaliana, alama zote zinaandikwa pembeni pamoja na maana zake, na huo ndio ufunguo. Kisha mpelekee ramani hiyo mtoto wa darasa jingine ambaye hakuwepo, ajaribu kuisoma. Akikwama, wachoraji wanaona wenyewe kwa nini ufunguo unahitajika.

Na skeli?

Hatua zinatosha. Kutoka mlangoni hadi mlingotini hatua thelathini. Kwenye karatasi kila hatua kumi iwe kisoda kimoja. Sentimita na kilomita ziwaachie madarasa ya juu.

Nina watoto themanini darasani, sina karatasi wala ramani ya ukutani.

Nakuelewa, nimefundisha darasa la namna hiyo. Toka nje. Uwanja ndio karatasi yako na majivu ndiyo kalamu. Chora mstatili mkubwa wa majivu, sema hii ndiyo shule. Kundi la watoto kumi wawe madarasa, watano wawe miti, mmoja awe bomba, mmoja ofisi ya walimu. Wajipange. Waliobaki wasahihishe: "Wewe bomba, sogea, uko mbali na jiko." Watoto themanini wanaweza kuwa ndani ya ramani moja kwa pamoja, na hilo darasa la watoto kumi na tano haliliwezi.

Siku nyingine kila kundi litengeneze mtaa kwa kokoto, majani, vijiti na visoda, chini ya mwembe. Kundi lihamie kwa jirani na kufuata maelekezo: "Toka dukani, pita msikitini, kata kulia, nyumba ya pili." Mvua ikinyesha mnahamia kwenye ubao, au mnatandika mkeka na mistari ya ukili inakuwa barabara. Kitu ninachokusihi ni kimoja: kila mtoto apate zamu ya kuelekeza kwa mdomo, hata kama zamu hiyo itazunguka kwa wiki mbili. Wale wakimya hawataiomba. Uwaite.

Simu yangu ina ramani. Nimpe aitumie?

Mpe, ila baada ya kuchora ya kwake, na mkiwa mnatembea pamoja. Mtoto akikaa kwenye kochi na simu, anaona nukta inayosogea na rangi. Mkitembea, anaona kwamba nukta ni nyinyi. Zima ule mzunguko unaoigeuza ramani kila mnapogeuka, ili kwanza azoee ramani iliyotulia. Washa picha ya setilaiti mtafute bati la nyumba yenu. Hapo ile habari ya kunguru inamrudia.

Mwambie pia kwamba ramani hizo zimetengenezwa na watu. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam walianza, katika mradi wa Ramani Huria, kupita mitaa inayokumbwa na mafuriko wakiandika njia, mifereji na nyumba, na kuziingiza OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa kila mtu kuitumia na kuisahihisha. Miaka minne kabla yao, 2011, wakazi wa Tandale walikuwa wamefanya hivyo kwa mtaa wao. Mtoto anayejua hilo anaitazama simu kwa jicho jingine. Kama kichochoro chenu hakimo, anauliza nani atakichora.

Mtoto wa miaka mitano anatakiwa kujua nini kuhusu anapoishi, endapo atapotea?

Swali hili ndilo linaloninyima raha, na ndilo wazazi wachache wanaloniuliza. Sikukuu moja mtoto wa shule yetu alipotea sokoni. Alipoulizwa jina la mama yake alisema "Mama". Alipoulizwa anakaa wapi alisema "kwetu kwenye mbwa". Alipatikana salama, lakini jua lilikuwa limeshazama.

Ajue majina mawili ya mzazi, siyo Mama wala Baba tu. Ajue namba ya simu moja, muisome kwa mahadhi mkiwa mnaoga au mnatembea mpaka imkae. Ajue mtaa au kijiji na kata. Zanzibar, shehia na jina la sheha. Na ajue alama moja ambayo haihami: msikiti, kanisa, mnara wa simu, shule. Genge la mboga na kijiwe cha bodaboda vinahama, mbwa pia. Kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 nyumba nyingi Tanzania zilibandikwa vibao vya namba na mitaa ikawekewa nguzo za majina. Toka naye nje leo, mkisome kibao chenu pamoja, aguse tarakimu kwa kidole. Namba ya 116 ni ya bure kwa msaada wa mtoto, Tanzania na Kenya.

Halafu mfundishe la kufanya. Akigundua hawaoni wenzake, asimame hapo hapo alipo, asiwatafute, kwa sababu wewe utarudi kwenye njia mliyopita. Akiona muda unapita, amwendee mama mwenye watoto, muuzaji aliye ndani ya duka lake, au askari. Na kuna sharti moja nawakaririsha wote: anapoishi anamwambia mtu ambaye yeye mwenyewe amemwendea, si mtu aliyemjia. Fanyeni maigizo nyumbani, wewe uwe muuza nguo, kisha uwe mtu anayemjia na pipi. Mara tano, sita. Kusikia tu hakutoshi.

Mwanangu haoni. Anaweza kujifunza haya?

Anaweza, na baadhi ya mambo atawashinda wanaoona, kwa kuwa yeye hahesabu hatua kwa mchezo. Ramani yake iwe ya kugusa: uzi uliogundishwa kwa gundi ndiyo njia, mchanga uliomwagwa ndio uwanja, kisoda ndiyo bomba. Aisome kwa vidole kisha aitembee. Jua ataliona kwa shavu: asubuhi linampiga upande upi, jioni upi. Wenzake wafanye naye kazi hiyo hiyo, wala asipewe kona yake peke yake.

Tunaishi nje ya Afrika Mashariki na tunataka mtoto ajifunze haya kwa Kiswahili.

Michezo yote ya juu inafaa, ila jua lenu si letu. London au Toronto jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima, na kivuli cha saa sita kinaelekea kaskazini. Muscat kibla ni upande wa magharibi, si kaskazini kama hapa. Mwambie mtoto tofauti hiyo, kisha mpigie simu babu au binamu aliyeko huku siku moja ya Juni: kila mmoja asimame juani adhuhuri yake ikifika, aseme kivuli chake kimeangukia wapi. Cha binamu kitaangukia kusini, cha wenu wa London au Toronto kaskazini. Na mkitembea mtaani shikilieni po, ko na mo. Mtoto anayekulia mbali huyapoteza hayo mapema, akabaki na "iko" kwa kila kitu.

Mikoa yote ya Tanzania aikariri lini?

Haina haraka. Iko 31, 26 ya bara na mitano ya Zanzibar, na mtoto wa darasa la nne ataishika kwa mwezi mmoja ikiwa ameshajua mkoa ni kitu gani. Mjengee ngazi kutoka chini: nyumba yetu imo mtaani, mtaa umo katika kata, kata imo wilayani, wilaya imo mkoani. Maboksi manne yanayoingiana yanatosha kulionyesha hilo.

Nitajuaje kwamba ameelewa?

Mgeni akija nyumbani, mwambie mtoto amwelekeze dukani. Usimsaidie, simama mlangoni usikilize. Akisema "kule kule tu," bado. Akisema "toka getini, shika mkono wa kushoto, pita kisima, duka liko mkabala na mwembe," mwache mgeni aende peke yake, nyinyi mngojeni barazani arudi na sukari.